Kadi ya Nne

Kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na chaki,
zimelala kadi za kliniki:
ya Mwanaisha, ya Sefu, ya Tatu aliyezaliwa njiti,
na ya nne, ya kijani, wino umechuja:
Jina: Shombo. Jinsi: jike.
Rangi: chai ya maziwa iliyomwagika.
Hilo la chai nimeongeza mimi.
Bwana Mnkande wa mifugo aliandika "hudhurungi" tu.

Ijumaa, kabla sijawasha mkaa,
namlaza mapajani, nampindua sikio
kama ninavyopindua pindo la suruali ya mteja
kutafuta uzi ulipoanzia kukimbia.
Sikio zima lina rangi ya ndani ya kombe.
Nikikuta unga mweusi, kama kahawa ya kusaga,
najua wamehamia wapangaji.
Fizi nazitazama. Tumbo nalipapasa.
Kila miezi mitatu, kidonge cha minyoo ndani ya kibua;
hula kibua, hutema kidonge, tunaanza upya.

Barabara ya Kumi na Sita wananicheka:
"Huyo paka au bi harusi?"
Nami nacheka. Ngamiani bila kucheka utakaa na nani?

Kihiyo, ukuta kwa ukuta nami,
ana mbwa aitwaye Deni,
aliachiwa na mtu aliyeshindwa kulipa mifuko miwili ya saruji.
Mimi simgusi; mate yake yana kuoshwa kwake.
Lakini kiu ni kiu,
kopo lake la maji nalijaza kila alasiri.

Tanga, waja leo waondoka leo?
Kupe wa Deni walikuja, wakaoa, wakajenga.
Kihiyo huwang'oa, huwatia kwenye mafuta ya taa,
huhesabu kwa sauti kama mtu wa marejesho.
"Arobaini na moja," aliniambia juzi.
Nikamwambia, dawa ya kumwogeshea ni bei ya soda tatu.
Na chanjo je?
Akasema: "Mbwa ni mbwa, mama Sefu."

Sikujibu. Nilikanyaga pedeli.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Muheza,
kaka yangu Bakari alipong'atwa kigimbi na mbwa wa kupita.
Kidonda kiasi cha tundu la kifungo.
Wakakitia majivu, kikafunga.
Mvua za vuli zikaja, zikaisha.
Asubuhi moja mama akampa kikombe cha maji
na Bakari akakiogopa kikombe.

Siku hizi hata Tatu anajua:
sabuni, maji ya bomba, robo saa nzima,
kisha Bombo hospitali, bila kupitia kwa mtu.

Gari la mifugo likapita na kipaza sauti:
Jumamosi, uwanja wa shule, mbwa na paka, bure.
Nikamtia Shombo kwenye kikapu cha ukili,
nikafunga juu kwa kanga kuukuu.
Akalia kama anayedai mirathi.
Nikabisha kwa Kihiyo.
"Kamba unayo?"
"Ya nini?"
"Ya Deni."
Sijui aliona nini usoni mwangu.
Aliifungua kamba ya kuanikia nguo.

Foleni ya watoto na kamba za katani,
mmoja kabeba jogoo, akaambiwa jogoo si leo,
akabaki, atazame tu.
Mimi ninayekula kwa sindano
niligeuza uso Shombo alipochomwa.
Deni alitulia kimya.
Aliyefumba macho ni Kihiyo.

Usiku, taa ya cherehani bado inawaka,
mlango ukagongwa.
Kashika kadi ya kijani kwa vidole viwili,
kama kitu kinachoweza kumwagika.
"Kwangu sina droo," akasema.
"Niwekee."